Supu Inayosimamisha Kijiko

Leeuwarden, Jumapili jioni

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanionea. Ulipoiona picha yangu ya juzi ulisema nimekonda, ukauliza kama ninapika au nashindia mkate. Napika, mama. Jana nimeshinda jikoni tangu saa nne asubuhi kwa ajili ya sufuria moja tu ya supu, na leo nakusimulia yote ili roho yako itulie.

Ni supu ya njegere kavu, zile zilizokobolewa zikapasuliwa vipande viwili. Jina lake la heshima hapa Uholanzi ni erwtensoep, lakini mtaani wanaiita snert. Cha kuchekesha, neno hilohilo wakilibandika kwenye kitu kingine linakuwa la kukidharau. Mvua ya kuudhi ni hali ya hewa ya snert. Supu wanayoingoja mpaka baridi irudi, nayo wameipa jina la takataka!

Aliyenifundisha ni bibi mmoja jirani, anakaa ghorofa ya chini. Njegere nusu kilo, maji lita mbili, na muundi wa nguruwe uliotiwa chumvi ukakaushwa kwa moshi. Huna haja ya kuziloweka, maana ganda limeshatoka. Unaziosha tu mpaka maji yaache kuwa meupe. Muundi unatangulia, unatokota kwa moto wa taratibu saa moja na nusu hivi, ndipo njegere zinaingia. Hapo lipo povu la kijani linalopanda ghafla, na usipoliengua mapema litafurika lizime jiko. Zikishaanza kulainika unatia karoti, viazi, liki (ni jamii ya kitunguu) na shina la seleri. Hilo shina ukilikuta sokoni utaliruka: bonge la duara, limejaa vinyweleo na udongo, kama kitu kilichofukuliwa makaburini. Limenye, likatekate vipande vidogo, halafu unuse. Harufu yote ya supu inatoka humo.

Kinachopendeza ni kuzitazama njegere zikipotea. Nusu saa ya kwanza bado unaziona moja moja, zinagonga mwiko. Baadaye kingo zinachakaa, wanga unatoka, maji yanakuwa mazito, na mwisho unakoroga uji wa kijani ambao hukumbuki ulianza lini kuwa uji. Nyama nayo inaachia mfupa yenyewe. Unautoa mfupa, unaichambua nyama kwa vidole (unaungua, hakuna ujanja), unairudisha sufuriani. Soseji ya moshi inaingia mwishoni, ipate joto tu.

Supu ikishakuwa nzito, usiiache peke yake. Mwezi uliopita niliiacha nikaenda kuongea na simu, nikarudi nikakuta imeshika chini. Nikachukua mwiko nianze kukwangua, bibi akanidaka mkono. Akaimimina ya juu kwenye sufuria nyingine taratibu, ukoko akauacha ulipo, na supu haikunuka moshi hata kidogo. Sufuria ndiyo niliyoisugua siku mbili.

Jana kosa lilikuwa jingine. Mkono umezoea, nikatia chumvi mwanzoni. Saa mbili baadaye muundi ulikuwa umeshatoa ya kwake, na supu haionjeki. Najua, mama, najua. Ulinikanya juu ya chumvi tangu sijaweza kufika mezani. Nikaongeza maji, nikaongeza viazi, nikaongeza maji tena. Chumvi ikakubali kushuka.

Bibi alikaa kwenye kiti akinicheka, akanisimulia mwaka 1997, mara ya mwisho kufanyika yale mashindano ya kuteleza juu ya barafu yanayopita miji 11 ya jimbo letu hili la Friesland. Ni kilomita kama 200 kwa siku moja, yanaanzia na kuishia mji huuhuu. Tangu hapo hayajafanyika tena, kwa sababu barafu inatakiwa iwe na unene wa sentimita 15 njia nzima. Anasema mwaka ule alipika masufuria mangapi hata hakumbuki. Kila msimu wa baridi anachungulia mfereji dirishani kuona kama umeganda.

Hii supu hailiwi siku ya kupikwa, yaani inalika, lakini wenyewe wanakushangaa. Inalala, wanga unaganda, kesho yake unaipasha na kuila na mkate mweusi wa nafaka ya rai wenye bekoni na haradali juu. Kipimo chao ni kijiko: ukikichomeka katikati ya bakuli, kisimame.

Basi leo mchana bibi alipanda na bakuli la supu yake, tukaziweka mbili pamoja mezani, tukachomeka vijiko. Picha naituma pamoja na barua hii. Kile kilichosimama wima kama askari ni chake. Changu ni kile kinachoinamia ukingoni. Ni yale maji.

Msalimie baba na wadogo zangu.

Mwanao