Mshahara usitajwe bila kodi ya nyumba

Mhariri,

Serikali yoyote ikitangaza kima kipya cha chini cha mshahara, habari hiyo hukaa ukurasa wa kwanza pamoja na asilimia ya nyongeza. Habari ya kupanda kwa kodi za nyumba huja siku nyingine, ukurasa wa ndani, kana kwamba inawahusu watu wengine. Anayepokea mshahara na anayelipa kodi ni mtu yule yule. Gazeti linalozitenga habari hizi mbili linamnyima msomaji nusu ya ukweli.

Wataalamu hupenda kusema kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Ni vizuri tujue namba hiyo ilipitia wapi. Mwaka 1969 Bunge la Marekani liliweka ukomo wa asilimia 25 kwa wapangaji wa nyumba za umma. Mwaka 1981, katika sheria ya kubana matumizi ya serikali, ukomo ukasogezwa hadi 30. Hakuna aliyekwenda kwanza kuhesabu familia inahitaji nini ili iishi. Leo namba hiyo inatumika duniani kote kama kipimo cha nani anamudu nyumba na nani hamudu.

Kasoro yake ni hii. Anayelipwa 100 na anayelipwa 1,000, wote wakitoa asilimia 30, wa kwanza anabaki na 70 na wa pili 700. Sokoni, hospitalini na shuleni hakuna bei ya mwenye 70. Kwa wa pili kipimo kinasema kweli. Kwa wa kwanza kinaita nafuu kitu ambacho ni njaa. Na kwa kawaida huyo wa kwanza hata hiyo 30 haipati: mtakwimu Hermann Schwabe alionyesha mjini Berlin tangu mwaka 1868 kwamba kadiri kipato kilivyo kidogo, ndivyo kodi inavyokula sehemu kubwa zaidi. Tupime kinachobaki baada ya kodi, tuone kama kinatosha kumfikisha mtu mwisho wa mwezi.

Kuna pia kodi isiyoandikwa kwenye risiti yoyote. Aliyeshindwa na bei za karibu na kazini huhamia pembezoni, na kwenye takwimu anahesabiwa kuwa amepata unafuu. Nauli ya kwenda na kurudi imeshakula tofauti yote. Saa anazokaa barabarani hakuna anayemlipa, na watoto anawakuta wamelala. Linaniuma hili kuliko yote, kwa sababu wanaofungua ofisi, wanaosafisha wodi na wanaolinda majengo usiku ndio wanaoishi mbali zaidi na majengo hayo.

Wapo watakaosema dawa ni kupandisha mishahara tu. Ipandishwe, tena mapema: kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani kimebaki dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, ilhali kodi hazikusubiri. Lakini wafanyakazi wa mji mmoja wakiongezewa wote kwa pamoja na vyumba vikabaki idadi ile ile, watashindania vyumba hivyo hivyo. Dalali anajua, mwenye nyumba anajua, na sehemu ya nyongeza itapita tu mfukoni mwa mfanyakazi. Sisemi hivyo kumlaumu kila mwenye nyumba. Wengi ni watu wa kawaida wenye mikopo ya kulipa.

Kuzuia kodi zisipande kwa sheria peke yake nako kuna mipaka. Berlin ilijaribu mwaka 2020. Vyumba vilivyotangazwa kupangishwa vikapungua, na mwaka uliofuata Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikaifuta sheria hiyo. Mimi naamini zaidi njia ya Vienna, mji mkuu wa Austria. Mwaka 1923 mji huo ulianzisha ushuru maalumu wa ujenzi wa nyumba, uliowabana zaidi wenye majumba makubwa, na kufikia 1934 ulikuwa umejenga nyumba zaidi ya 60,000 kwa ajili ya wafanyakazi. Hadi leo manispaa ya Vienna ni miongoni mwa wenye nyumba wakubwa kabisa barani Ulaya.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kila mnapochapa kiwango kipya cha mshahara, pembeni yake mchape kodi ya nyumba ya kawaida ya vyumba viwili, nauli ya mwezi, na kiasi kinachobaki. Msichukue bei za matangazo peke yake, maana hizo ni za anayehamia leo. Waulizeni pia wapangaji waliokwisha kukaa miaka kadhaa. Bodi za mishahara nazo zidaiwe hesabu hiyo hiyo kabla hazijatia saini.

Msomaji wenu, mpangaji