Tano iliyosomwa sifuri

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kwamba watoto wakimbizi wanazirudisha shule nyuma, na kwamba dawa ni moja: kila anayefika aanzie darasa la kwanza, awe na miaka sita au kumi na sita, ajifunze lugha kwanza. Barua yake nimeisoma mara mbili. Si mtu mbaya huyo. Analalamikia darasa lililojaa hadi mlangoni, na hapo tuko pamoja; nilifundisha hisabati miaka 22 kabla ya kujiunga na shirika lisilo la kiserikali ninalolifanyia kazi sasa, na kusahihisha madaftari themanini kwa usiku mmoja nakujua. Ila dawa yake hiyo niliwahi kuitoa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na nimeona inavyoua.

Kazi yangu ni kuwapokea watoto na kuwatafutia darasa. Wengi huja bila karatasi yoyote. Mtu anayetoroka usiku hubeba mtoto, maji na blanketi. Ripoti ya muhula hubaki kabatini kwa mwalimu mkuu ambaye naye amekimbia. Kwa hiyo tunawapa jaribio, ukurasa mmoja wa lugha na mmoja wa hesabu, kisha tunapeleka pendekezo shuleni.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja msichana wa miaka 12. (Jina lake na nchi yake sivitaji. Kanuni zetu za ulinzi wa mtoto zinakataza, na ni kanuni nzuri.) Ukurasa wa lugha aliuacha mweupe. Ule wa hesabu aliujaza wote, haraka haraka, kama mtu aliyekuwa na hamu ya kalamu. Nikasahihisha. Kwenye 11 mara 5 niliona sifuri mbili. Palipotakiwa 6 niliona kitu kama saba. Vinukta vimetapakaa kila mahali. Nikampa alama 2 kati ya 20, nikaandika: darasa la kwanza.

Alikaa huko wiki tano. Siku moja mama mmoja anayetusaidia kutafsiri alikuwa akisubiri mezani kwangu, akaichungulia ile karatasi juu ya faili, akacheka. "Mwalimu, hii si sifuri. Ni tano."

Msichana yule alisoma kwa Kiarabu, na katika nchi nyingi za Kiarabu tarakimu wanazoandika si hizi zetu. Tano yao ni kiduara, sita yao unaweza kuapa ni saba, na sifuri ni nukta tu. Moja na tisa ndizo zinazofanana na za kwetu, na ndiko zilikotoka zile alama mbili nilizomhurumia. Alikuwa ameandika 55. Nilisahihisha upya huku mama akinisomea: 19 kati ya 20. Na lile moja alilokosa, nikiliangalia vizuri, swali lenyewe tulilitunga vibaya.

Nilikwenda shuleni kumtoa. Nikamwomba radhi kupitia kwa mkalimani. Katika wiki tano zile alikuwa ameshika neno moja la lugha yetu, akaniambia kwa upole: "Keti."

Waliosoma kwa Kifaransa nao wana mtego wao. Wengi wamefundishwa kugawanya kwa mstari wa wima upande wa kulia: 945, mstari, 7, kisha jibu 135 chini ya ile 7. Mwalimu aliyezoea kigawanyo kikae kushoto na jibu juu anaona vurugu tupu. Halafu nukta ya desimali kwao ni mkato. Mvulana wa miaka 14 aliulizwa 8.5 gawanya kwa 4, akaandika 2,125. Msahihishaji akasoma elfu mbili mia moja ishirini na tano, akaniuliza kama kweli huyu aliwahi kuketi darasani. Akapelekwa darasa la pili. Magoti hayakuingia chini ya dawati, akawa anakaa upande upande, miguu njiani, na watoto wa miaka minane wanamwita baba. Alivumilia hadi katikati ya muhula. Nilipomtafuta niliambiwa anabeba mizigo.

Msomaji mwenzangu atasema tatizo la kijana huyo lilikuwa lugha. Ndiyo, lugha hakuwa nayo. Lakini mtoto wa umri ule lugha huiokota uwanjani kabla sisi hatujamaliza kikao cha kumtafutia mwalimu. Ukimwongezea saa moja kila siku baada ya masomo, anakwenda. Hawezi kuhesabu vijiti miaka mitano kwa ajili hiyo. Wapo kweli waliopoteza miaka mitatu au minne vitani, na hao wana njia yao: elimu ya kuharakishwa, ambapo mara nyingi mtaala wa miaka miwili hufundishwa kwa mwaka mmoja, katika darasa la wenye umri unaokaribiana. Hata hao hawawekwi na watoto wanaong'oka meno.

Wengine hudhani haya ni mawazo mapya ya mashirika. Mkataba wa Wakimbizi ni wa 1951, umri wake unanizidi, na ibara yake ya 22 inataka mkimbizi apewe elimu ya msingi sawa na raia; kwa ngazi za juu inataja hata kutambuliwa kwa vyeti vya nje. Ripoti ya elimu ya mwaka 2023 ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilihesabu wakimbizi milioni 14.8 wenye umri wa kwenda shule, zaidi ya nusu yao wakiwa hawasomi. Uandikishaji wa msingi ulikuwa asilimia 65, wa sekondari 41. Ada, umbali, ndoa za mapema, shule zenyewe kutokuwepo, yote yamo katika kushuka huko. Lakini mimi nikiiona ile 41 naona magoti yaliyo nje ya dawati. Kijana wa miaka 14 aliyeanzia la pili ataifikia sekondari lini?

Na sisi wa mashirika tusijifiche. Fomu ya mfadhili huniuliza nimeandikisha watoto wangapi. Haiulizi nimewaweka darasa gani, wala wangapi wamebaki muhula unapofungwa. Yule mvulana wa mizigo yumo katika ripoti yangu ya mwaka ule kama mafanikio. Bajeti ikipungua, wa kwanza kukatwa ni mkalimani, kwa sababu mkalimani hapendezi pichani. Mabegi mapya yanapendeza.

Siku hizi ukurasa wa hesabu hatuusahihishi bila mtu anayesoma mwandiko wa mtoto. Mtoto anakokotoa huku akieleza kwa lugha yake. Asiyekuwa na cheti tunamwombea kwa mwalimu mkuu apokewe muhula mmoja katika darasa la umri wake, kisha shule iamue. Baadhi wanakubali. Mmoja alinikatalia katakata: bila karatasi hakuna mwanafunzi. Nikamwachia mtoto pale ofisini na daftari, nikatoka kupokea simu. Niliporudi niliwakuta wanabishana juu ya hesabu ya sehemu, mmoja kwa lugha yake na mwingine kwa yake, na mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa anafuta.

Muhula ujao tunapima tena, na watu wa kutusaidia hawatoshi. Tunahitaji wanaosoma na kuandika Kiarabu, Kifaransa, Kitigrinya au Kisomali, hata kwa nusu siku. Msomaji mwenzangu kama anajua mojawapo, aje. Kiti kipo, na kalamu nyekundu nitampa yangu.

Mwalimu wa hisabati wa zamani,
sasa afisa elimu katika shirika lisilo la kiserikali