Andikeni habari za mwenye lori

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Habari yenu ya wiki iliyopita, ile ya vijana wa Kihabeshi waliokutwa chini ya turubai la lori kwenye barabara ya Himo kwenda Same, nimeshindwa kuinyamazia. Kichwa cha habari kilisema wahamiaji haramu "wanaswa", neno tunalotumia kwa ngiri na nyani. Picha ikawaonyesha wamechuchumaa, mikono kichwani, sura zao wazi kabisa. Niliisoma mara tatu nikimtafuta mwenye lori. Hayumo. Dereva "alikimbilia kusikojulikana", utingo naye hivyo hivyo, na lori lenyewe halikuandikwa hata namba.

Jambo hili linaniuma kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kukamatisha watu wa namna hiyo. Ni miaka mitano sasa. Ulikuwa mwezi wa Juni, mahindi yameshakuwa ya kuchoma, nikashuka asubuhi kwenda shamba langu la tambarare, upande wa Holili. Nilikuta mabua yamelala na maganda yametapakaa. Nikajua ni nyani. Nikaokota jiwe, nikaingia katikati ya shamba, nikaona mguu wa mtu. Hapo ndipo nilipopiga yowe. Nalisema wazi, Mhariri: yowe nililipiga mimi, na nililipigia mahindi yangu. Haikufika robo saa, vijana wa bodaboda na mapanga walikuwa wamejaa. Watu wenyewe walikuwa saba, hakuna hata mmoja aliyekuwa na nguvu ya kukimbia. Walikuwa wametafuna mahindi mabichi na magunzi yake, na walikuwa wamekunywa maji ya pipa ambalo huwa nachanganyia dawa ya viwavijeshi. Midomo ilikuwa imepasuka mpaka inatoa damu. Mmoja alifunga viatu kwa kamba ya katani kwa sababu soli zilishaachia. Mdogo wao, ambaye kwa umbo ningemweka darasa la saba, alinishika suruali akawa anarudia neno moja tu: "Hosana, hosana." Mimi ni Mlutheri, nikadhani anamwita Bwana. Mgambo alipotaka kamba nikampa ya ndama wangu, nikaifungua mwenyewe kwenye kigingi. Watu wakapiga picha kwa simu, wengine wakijiweka katikati yao. Nilipouliza kama naweza kumpa yule mtoto maji safi, mgambo akanijibu, "Mwalimu, hao si wageni wako." Nikanyamaza, mimi niliyenyamazisha madarasa ya watoto themanini. Jioni nikafungua atlasi ya zamani ya shule. Hosaena ni mji wa kusini mwa Ethiopia. Mtoto alikuwa ananiambia kwao ni wapi.

Tangu siku hiyo nafuatilia habari hizi. Vijana wengi wanaopita hapa wanatoka huko huko Hosaena na wilaya za jirani, wanavuka Moyale, wanaikata Kenya, wanaingia kwetu kwa njia za panya, kisha wanatafuta Malawi na Msumbiji mpaka Afrika Kusini. Hawaji kuchukua kazi ya mtu hapa Moshi. Hawataki hata kulala, wanataka kupita. Na hawapiti kwa uchawi. Yupo anayewapokea usiku na bodaboda, yupo anayewaficha kwenye nyumba isiyokwisha, yupo anayetoa lori, na wote hao wanazungumza Kiswahili kizuri kuliko changu. Juni 2012, wilayani Kongwa, zaidi ya Wahabeshi 40 walikutwa wamekufa, walikosa hewa ndani ya lori na kutupwa porini. Kongwa, Mhariri, si nchi ya mbali, ni Dodoma! Machi 2020 huko Tete, Msumbiji, wakakutwa wengine 64 wamekufa ndani ya kontena la lori lililotoka Malawi. Watu hao walishapita mikononi mwa wangapi, na kila mmoja alishapokea fedha yake! Wanaolipa ni wazazi wanaouza ng'ombe na shamba, wanaokufa ni watoto wao, wanaofungwa ni wale waliobaki hai, na kuna wanaomaliza kifungo wakaendelea kukaa ndani kwa kukosa nauli ya kurudi. Halafu gazeti linatuletea sura ya mtoto aliyechuchumaa na kutuambia huyu ndiye haramu. Haramu ni nini alichofanya? Haramu tunaijua tangu utotoni, ni neno zito, humtupii mtu aliyekunywa maji ya dawa kwa kiu.

Sisemi mpaka uachwe wazi. Nchi ina sheria na mtu asiye na kibali atahojiwa na atarudishwa. Lakini kwenye magenge ya kahawa nasikia wazee wenzangu wakisema "wapigwe tu", na baadhi yao wana vijana walioenda Bondeni, yaani Afrika Kusini, kwa njia hiyo hiyo, bila karatasi yoyote. Mwaka 2008, Waafrika Kusini walipowageukia wageni na watu zaidi ya 60 wakauawa, tulikesha tukiomba na kupiga simu.

Nilisomea ualimu chuo cha Patandi, karibu na Arusha. Jumapili tulikuwa tunapita kwenye makaburi ya Wapolandi pale Tengeru, yapatayo 150, yamepangwa safi mpaka leo. Kuanzia mwaka 1942 wakimbizi wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto, waliletwa pale baada ya kuteswa Siberia na kupitishwa Uajemi. Hawakujua Kiswahili. Walijengewa nyumba za mviringo, wakapewa shule na kanisa, na wageni wanapelekwa kuyaona makaburi yao kwa heshima. Wale wa Kongwa sijui kama kuna mtu anayewapalilia.

Na hapo hapo, kwa kuwa nimeshika kalamu, niliseme na hili. Mama yangu marehemu alizaliwa Taveta, upande wa Kenya, akaolewa huku, kama walivyoolewa wanawake mamia wa pande zote mbili za mpaka ambao Mwingereza na Mjerumani waliuchora mwaka 1886 bila kumuuliza mtu. Nilipokwenda kuomba kitambulisho cha taifa, afisa mmoja mwenye umri wa mjukuu wangu aliniuliza bibi mzaa mama alizikwa wapi. Nikamjibu. Akaniuliza tena, akaniambia nikae pembeni na "wale wengine". Nimefundisha Siasa, na baadaye Uraia, kwa miaka 34. Nilikaa kwenye benchi lile kuanzia saa tatu mpaka saa tisa alasiri, pamoja na kina mama wa Rombo wasiojua kwingine zaidi ya Rombo. Namba nilipewa mwishowe. Lakini niliondoka najua namna neno "mgeni" linavyomkalia mtu kifuani.

Sasa naomba hivi. Habari ijayo ya aina hii ianze na namba ya lori, na picha iwe ya lori hilo, milango ya nyuma ikiwa wazi. Andikeni jina la mmiliki pindi anapofikishwa mahakamani, na asipofikishwa mtuambie kila wiki kwamba bado hajafikishwa. Lori likitaifishwa liuzwe kwa mnada palepale Himo, siku ya gulio, tukishuhudia, na fedha zake zikate nauli za kuwarudisha kwao wale waliokutwa ndani. Neno "haramu" liondoeni, semeni "wasio na vibali", nafasi ya kuliandika mnayo. Na kila kituo wanakofikishwa kwanza pawe na maji safi kabla ya kuhesabiwa. Pipa la kwanza nitalitoa mimi, la lita 200, lenye koki, na vikombe kumi vya bati. Nimeshaulizia bei sokoni. Niambieni tu nilipeleke wapi.

Mwalimu mstaafu,
Himo, Moshi