Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: askari aliyetoka lindoni analala saa ngapi?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa raia sasa, lakini kwa miaka mingi nilikuwa sajini mwenye kazi ambayo haijawahi kumpatia mtu medali: kupanga zamu. Kila jioni nilikaa na daftari, rula na penseli, nikaandika nani anashika lindo la lango kuu, nani ghala la silaha, nani doria ya uzio, nani dereva wa dharura. Nilijua kila askari wa kombania aliingia saa ngapi na akatoka saa ngapi. Kitu kimoja sikukijua, na fomu haikuwahi kuniuliza: alilala saa ngapi.

Ombi langu ni moja. Saa za kupumzika baada ya lindo ziandikwe kwenye orodha ya zamu kama amri, kwa jina la askari na kwa muda, vilevile lindo lenyewe linavyoandikwa. Katika kambi nilizopitia mimi, mapumziko yalikuwa hisani. Mkuu wako akiwa na moyo mwema utalala, akiwa na mgeni wa kumpokea kesho hulali.

Nieleze mambo yanavyokwenda, kwa sababu kwenye karatasi zinazofika mezani kwako hayaonekani. Lindo la saa 24 kwa kawaida hugawanywa: saa mbili umesimama, saa nne uko ndani ya kituo cha walinzi. Mtu wa nje akisikia hivyo anapiga hesabu kwamba askari ana saa kumi na sita za kupumzika. Hana. Katika zile saa nne amelala na buti miguuni na mkanda kiunoni, taa inawaka, simu inalia, mwenzake anaingia kutikisa koti la mvua, ofisa wa zamu anakuja kukagua na wote wanasimama. Kisha anaamshwa robo saa kabla ya muda wake. Akipata usingizi wa saa tatu au nne, nao ni wa vipande vipande.

Asubuhi wanakabidhiana lindo. Silaha zinahesabiwa, zinasafishwa, zinarudishwa ghalani, kitabu kinasainiwa. Hapo ndipo penye shida yenyewe, Mheshimiwa. Mtu akishatoka lindoni jina lake halimo tena kwenye orodha. Na kambini, jina lisilokuwemo kwenye orodha ni mali ya kila mwenye cheo. "Huyu hana zamu leo." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko wimbo wa kikosi. Hana zamu, basi aende fatiki, kazi za sulubu za kambini. Hana zamu, basi apakue mizigo stoo, ajaze nafasi kwenye mazoezi ya kwata, aendeshe lori. Tunamtazama aliyekesha akitulinda, tunamwona mtu aliyekaa bure.

Na mimi nilifanya hivyo. Siku moja dereva wa zamu aliugua, na gari lilitakiwa kwenda kuchukua vifaa mbali. Nikatafuta mwenye leseni ya lori ambaye "hana zamu". Alikuwepo kijana mmoja aliyetoka lindo la ghala la silaha asubuhi ileile. Nikamuuliza kama yuko sawa. Akapiga saluti: "Ndiyo, afande!" Alasiri, wakati wa kurudi, lori liliacha barabara likaingia mtaroni. Hakufa mtu. Yeye alivunjika mguu vibaya, na hakurudi tena kwenye kazi ya udereva. Ripoti ikaandika "uzembe wa dereva". Orodha iliyokuwa na mwandiko wangu haikuambatanishwa, na sikuinua mkono kuuliza kwa nini. Kunyamaza kwangu ni sehemu ya sababu ya barua hii.

Swali langu kwake lilikuwa la kipuuzi, ingawa wakati ule nililiona la kibinadamu. Nimekuja kusoma baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, kwamba watu waliolala saa sita au pungufu kila usiku kwa siku 14 walishuka umakini hadi kufanana na watu waliokesha usiku mmoja au hata miwili mfululizo. Ajabu yenyewe ni kwamba walipoulizwa, walisema wana usingizi kidogo tu. Akili ilikuwa imechakaa, mwenye akili hana habari. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mvalishe kombati, umfundishe tangu ukuruta kwamba jibu la swali la mkubwa ni "Ndiyo, afande", halafu umtegemee akuambie kwamba amechoka!

Utafiti mwingine, wa Australia, mwaka 1997, ulilinganisha kukesha na ulevi. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya vibaya kwenye vipimo kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, ambacho katika nchi nyingi dereva akikutwa nacho anakamatwa. Alipofika saa 24, alikuwa kama mwenye asilimia 0.10. Askari akija langoni ananuka pombe tunamnyang'anya bunduki papo hapo na kumweka ndani. Akija amekesha, tunamkabidhi bunduki na risasi zake, na anasaini.

Wanamaji wa Marekani waliyajua haya kwa gharama kubwa. Mwaka 2017 manowari zao mbili ziligongana na meli za mizigo ndani ya miezi mitatu: USS Fitzgerald mwezi Juni karibu na Japani, wakafa mabaharia 7, na USS John S. McCain mwezi Agosti karibu na Singapore, wakafa 10. Ajali ya kwanza ilitokea kati ya saa saba na saa nane usiku, ya pili baada ya saa kumi na moja alfajiri. Uchovu ulitajwa miongoni mwa sababu, pamoja na mafunzo hafifu na uongozi mbovu. Wala havikuwa vita. Walikuwa safarini tu, katika bahari yenye meli nyingi. Mapema mwaka huohuo wakaguzi wa serikali yao walikuwa wameeleza kwamba mabaharia walikuwa kazini hadi saa 108 kwa wiki, ilhali kanuni yao ilitaka saa 80. Wiki ina saa 168. Ukitoa 108 zinabaki 60 za kulala, kula, kuoga, kufua, na kuandika barua nyumbani.

Hatua waliyochukua baadaye inanivutia, maana haikuhitaji kununua kitu. Waliagiza zamu za melini zipangwe kufuata mzunguko wa saa 24. Awali, meli nyingi zilikuwa na mipango kama saa tano kazini na kumi nje. Ukiijumlisha ni mzunguko wa saa 15, kwa hiyo baharia leo analala usiku, kesho mchana, keshokutwa jioni. Mwili hauwezi kukimbizana na ratiba kama hiyo; una saa yake, na kwa watu wengi saa hiyo hushuka chini kabisa kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Zamu ikiwa ileile kila siku, hata kama ni mbaya, mwili hujipanga. Kalamu tu ndiyo iliyobadilisha hilo.

Najua jibu litakalokuja kutoka kwa baadhi ya makamanda, kwa sababu na mimi nililitoa: jeshi si hoteli. Adui hasubiri ulale. Kweli. Sijaandika kuomba saa nane za usingizi kwenye handaki. Vita vikija askari atakesha siku mbili, tatu, na atafanya hivyo vizuri zaidi kama hakuingia vitani tayari akiwa na deni la usingizi la miezi sita alilolipata akikata nyasi. Mwaka 2020 jeshi la nchi kavu la Marekani lilitoa mwongozo wake mpya wa afya na utimamu wa askari, na humo usingizi umewekwa pamoja na mazoezi ya mwili na lishe. Hata kulala kidogo mchana kumeruhusiwa pale usingizi wa usiku unapopungua. Hilo si jeshi la watu wanaodekezwa.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo iligusa jambo hili tarehe 15 Julai 2021, katika shauri la askari wa Slovenia aliyekuwa akishika lindo siku saba mfululizo kila mwezi, akitakiwa kubaki kambini muda wote. Mahakama haikusema kwamba vita vitasimamishwa ifikapo jioni. Ilisema operesheni halisi, mafunzo ya awali, mafunzo ya kioperesheni na mazingira ya dharura yanaweza kukaa nje ya sheria ya saa za kazi, lakini shughuli nyingine za kawaida za wakati wa amani haziepuki sheria hiyo kwa sababu tu anayezifanya amevaa sare. Sheria yenyewe inataka saa 11 mfululizo za kupumzika katika kila saa 24. Sikuombi uige nambari hizo. Nakuomba uuone ule mstari waliouchora: dharura ni dharura, na chokaa kwenye mawe ya njia ya gwaride si dharura.

Maana hapo ndipo hoja ya "watu hawatoshi" inapoanza kulegea. Ni kweli kuna vikosi ambavyo idadi haitoshi, na huko utatakiwa kuongeza watu au kupunguza malindo, hakuna njia ya tatu. Lakini nikilifungua daftari langu la zamani naona wapagazi wa viti vya sherehe, walinzi wa lango lisilofunguliwa, na askari wanane waliosimama saa nzima kumsubiri mgeni aliyeahirisha safari. Watu walikuwepo. Tuliwatumia ovyo.

Kuna jambo moja la kale linanisumbua. Majeshi hayajawahi kumhurumia mlinzi aliyelala. Warumi walimpiga kwa fimbo na mawe, na waliompiga walikuwa wenzake mwenyewe. Kwa sheria ya kijeshi ya Marekani mpaka leo, akilala lindoni wakati wa vita adhabu inaweza kufika kifo. Naelewa kwa nini. Waliolala nyuma yake wamemwachia shingo zao. Lakini Warumi haohao waliugawa usiku katika zamu nne, ili mtu mmoja asiubebe mzima. Na katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwahukumu kifo askari 449 kwa kulala lindoni, wakawapiga risasi wangapi? Wawili. Siwasemei majenerali wa zama zile, ila nadhani wengi wao waliposoma majalada yale walikuta, nyuma ya kosa la askari, orodha ya zamu iliyopangwa na mtu kama mimi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, fomu ya zamu iongezewe safu mbili. Ya kwanza: saa tangu alipotoka lindo la mwisho. Ya pili: muda wa kupumzika, kuanzia saa fulani hadi saa fulani. Atakayemtoa askari ndani ya muda huo aandike jina lake, cheo chake na sababu, asaini. Simkatazi kamanda yeyote. Nataka tu mwandiko uonekane, kwa sababu najua binafsi jinsi mtu anavyotoa amri kirahisi pale inapokuwa ya mdomo. Asiyelala saa za kutosha baada ya lindo asiguse usukani wala asisimamie mazoezi ya shabaha. Na ripoti ya ajali yoyote ya kambini iambatane na orodha za zamu za saa 72 zilizotangulia, kabla hazijaandikwa zile herufi za "uzembe". Wakuu wenyewe nao wamo. Nimewaona mameja wakisinzia juu ya ramani huku wakijivunia kwamba hawajalala tangu juzi.

Ukitaka kuhakikisha niliyoyasema, usiende kukagua walinzi usiku. Habari zitakutangulia, na utawakuta wote macho, vifungo vimefungwa, wanang'aa. Nenda saa nne asubuhi, bila msafara. Ingia kituo cha walinzi uombe orodha ya jana, uone majina ya waliotoka lindoni alfajiri. Kisha nenda bwenini, uhesabu vitanda vyao vyenye watu.

Wako mtiifu,

Sajini mstaafu, mpanga zamu