Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi: Mita 200 za Ukingo wa Ziwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi, wavuvi wa mwalo wetu, wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha kwa heshima na taadhima hapa shuleni, kando ya Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nnalubaale. Chama chetu cha Mazingira kina jambo moja la kukueleza leo.

Muhula uliopita tulichukua kamba ya mita 50 tukaenda kupima. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinatenga mita 200 kando ya ziwa hili ziwe eneo la hifadhi, kuanzia pale maji yanapoishia yakiwa yamepungua. Kamba ilipokunjuliwa mara ya nne, tulijikuta katikati ya bustani ya mboga ya shule yetu. Siku ile ziwa lilikuwa limejaa, kwa hiyo kipimo halisi kingeishia karibu kidogo zaidi na maji; hata hivyo, matuta mengi ya sukumawiki yamo ndani. Ilituuma, maana tuliyalima kwa mikono yetu. Tumekubaliana na walimu kuyahamisha.

Wengi hapa huona mafunjo kuwa pori la kufyeka. Lakini maji ya mvua yanayoteremka kutoka vilimani na mitaroni yakifika kwenye mafunjo hupunguza mwendo, tope likatua, na mizizi ikafyonza mbolea na uchafu ambao ungelisha gugumaji. Ndani kabisa ya mafunjo maji yana hewa kidogo mno. Sangara hayawezi, ndiyo maana samaki wadogo wa asili ya ziwa hili hukimbilia humo wasiliwe. Kamongo naye, ambaye kwa Kiganda ni mmamba, hupanda juu kuvuta pumzi kama sisi. Wenzetu wa ukoo wa Mmamba hawamli, na wanastahili kuendelea kumwona. Baba zetu wavuvi, anayefyeka mafunjo anafyeka kitalu cha samaki wenu.

Mwaka 2020, baada ya mvua nyingi, kipimo cha usawa wa maji ya ziwa kilichoko Jinja kilifika mita 13.42, juu kidogo ya mita 13.41 za mwaka 1964. Nyumba za ufukweni ziliingia maji, watu wakahama. Ilisemwa kwamba ziwa limewavamia. Sisi tunaona lilirudi mahali lilipowahi kufika, likakuta pamejengwa.

Mheshimiwa, malori humwaga kifusi kinamasini usiku. Asubuhi tukija shuleni tunaona alama za matairi kwenye tope, na mafunjo yamelaliwa na udongo mwekundu. Tunakuomba ulifikishe hili kwa viongozi wa wilaya na kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, mawe ya mpaka yawekwe kabla ukingo wote haujakatwa viwanja. Tunaomba pia miche ya miti ya asili. Kuitunza ni kazi yetu.

Pale mita 200 zinapoishia tumesimamisha kigingi chekundu. Baada ya chakula, tafadhali tembea nasi kutoka kwenye kigingi mpaka majini. Buti za mpira tumekuandalia.

Ni sisi wanafunzi wako watiifu,
Chama cha Mazingira