RISALA YA KIKUNDI CHA WASOMAJI, UKEREWE, KWA MGENI RASMI SIKU YA KUTEMBELEA NYUMBA YA WAANDISHI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Ukerewe. Tumesikia feri ya kutoka Mwanza ilikuchelewesha, na bado umefika. Wengine waliishia kutuma salamu.

Historia yetu ni fupi. Tulianza watu saba chini ya mwembe, mzee wetu mmoja akatuachia nyumba hii ya vyumba viwili. Humo tumeweka vitabu na picha za waandishi wa kisiwa hiki, akiwemo Aniceti Kitereza, na Euphrase Kezilahabi wa Namagondo, mtunzi wa riwaya, mashairi na hadithi fupi. Mafanikio ni makubwa: kabati moja, kibao cha barabarani, na wageni wa kimataifa, yaani Wajerumani wawili walioachwa na feri.

Mheshimiwa, shida zetu ni nyingi ila leo tunataja moja. Paa linavuja. Mvua ikinyesha usiku, katibu huamka kwenda kupanga ndoo na kufunika kabati kwa turubai la dagaa. Mgeni akija masika huona ndoo kwanza, waandishi baadaye.

Kule Yalta, kando ya Bahari Nyeusi, nyumba ya bingwa wa hadithi fupi Anton Chekhov ilitunzwa na dada yake mpaka dada huyo alipofariki mwaka 1957, na ni makumbusho hadi leo. Dada sisi tunao, tena wanafagia kila Jumamosi. Tulichokosa ni bati.

Mgeni rasmi aliyekutangulia aliahidi mabati 40 papa hapa uliposimama. Tulipiga vigelegele, tukamfungia sangara wa kilo nane. Sangara alifika kwake salama. Aliyemtangulia huyo aliahidi ghorofa. Hatuwataji, ni wageni wetu.

Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Miaka 35! Mwaka uliofuata akafariki. Subira yake tunaiheshimu, lakini hatuombi kuirithi.

Tunaomba mabati 40 ya geji 28, kofia zake na misumari. Mbao za kenchi tunazo, fundi ni mwanachama. Ikikupendeza, tutaje tarehe leo, mbele ya wazee hawa.

Sasa tunaomba uingie ndani ujionee. Tafadhali pita upande wa kushoto, kulia kuna ndoo.

Naomba kuwasilisha.