Mdogo wangu, Majilio yanaanza wakati wa mbalamwezi

Mdogo wangu uliye kisiwani Ukara, Ziwa Victoria,

Uliponiambia kwenye simu kwamba Majilio, yale majuma ya kujiandaa kwa Noeli, ni ya watu wa mjini wenye nafasi ya kwenda misa kila asubuhi, nilinyamaza kwa sababu salio lilikuwa linaisha, siyo kwa sababu nilikubali. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa najua vijana wengi kwenye kambi za dagaa wana neno hilohilo.

Hebu tazama kalenda kwanza. Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, siku ya Mtakatifu Andrea, mvuvi mwenzako. Mwaka huu wa 2025 Jumapili hiyo imeangukia tarehe 30 yenyewe. Mwezi utakuwa mpevu usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba, na dagaa mnawavua kwa taa gizani, kwa hiyo juma la kwanza mtakuwa nchi kavu mnashona nyavu. Giza litafika kilele tarehe 20. Maana yake ni kwamba siku nane za mwisho, tarehe 17 hadi 24, ambazo Kanisa limezipangia masomo yake ya pekee ya Biblia, zitakukuta majini usiku kucha na taa zako.

Basi soma kwa kufuata mwezi. Wakati wa mbalamwezi una nafasi: soma masomo yote ya siku, hasa Isaya, maana majuma ya mwanzo karibu yote ni yake. Giza likiingia, soma Injili peke yake, asubuhi mkishatia nanga na dagaa wakishaanikwa, kabla hujalala. Mistari kumi inatosha. Tafakari zinazosambazwa WhatsApp ni nzuri, nami huzisikiliza, lakini zisitangulie somo. Lisome mwenyewe kwanza, likuulize linachokuuliza, ndipo umsikilize padre.

Jumatano ya juma la kwanza utamkuta Yesu kando ya bahari ya Galilaya, ambayo nayo ni ziwa la maji baridi kama letu, na watu elfu nne wenye njaa. Anauliza kuna mikate mingapi. Wanajibu: saba, na visamaki vichache. Wanavitaja mwishoni, kama watu wanaoona haya kuvihesabu. Wewe unayejua sado moja la dagaa linavyovusha nyumba hadi mwisho wa wiki, hapo pasome polepole.

Tarehe 9, siku ya Uhuru, ni Isaya 40: watulizeni mioyo watu wangu. Sina la kuongeza, ila tuisome kwa ajili ya nchi nzima.

Jumapili ya tatu, tarehe 14, ndiyo nakuombea zaidi. Tangu mashine ya boti yenu iibiwe ziwani umekuwa ukiniuliza Mungu anaangalia wapi, na kila ukiuliza unaomba radhi kana kwamba umetukana. Siku hiyo utamsikia Yohane Mbatizaji akiuliza vilevile kutoka gerezani: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Huyu ndiye aliyembatiza Yesu mtoni Yordani! Na Yesu hamkemei. Anawaambia wajumbe warudi wakamweleze wanayoyaona na kuyasikia, vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema. Kisha anageukia umati na kumsifu Yohane mbele ya wote. Mtu aliyetoka kuuliza swali zito namna hiyo anasifiwa. Acha kuomba radhi, mdogo wangu. Uliza.

Halafu tarehe 17. Hapo wengi huruka, kwa sababu ni majina matupu: Abrahamu akamzaa Isaka, Isaka akamzaa Yakobo, mpaka vizazi vitimie kumi na vinne mara tatu. Lakini kwetu mzee akisimama msibani kuutaja ukoo, nani anaondoka? Tunakaa, tunasikiliza tumetoka kwa nani. Mathayo anafanya kazi hiyohiyo, na katikati ya wanaume anaweka wanawake ambao ukoo mwingine ungewaficha: Tamari aliyezaa na baba mkwe wake, Rahabu kahaba wa Yeriko, Ruthu Mmoabi, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Mwokozi amezaliwa katika ukoo huo, na Injili haikufuta jina.

Nalisema hili kwa sababu nimesikia jinsi wanaume kambini wanavyowaita kina mama wanaoanika dagaa, wageni waliokuja peke yao bila mume wala ndugu. Wanaitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tarehe 17 ukimaliza kusoma, sema jambo kambini. Kama huwezi kusema, basi usicheke wenzako wanapocheka.

Zakaria, baba yake Yohane Mbatizaji, utamfuata mwenyewe: tarehe 19 anafungwa ulimi kwa kutosadiki, tarehe 23 anaandika jina la mtoto kwenye kibao, tarehe 24 asubuhi tunausoma wimbo wake, kwamba mwangaza utokao juu umetufikia, kuwaangaza wakaao katika giza na uvuli wa mauti. Ukara mnaufahamu uvuli huo tangu tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia gati lenu. Usome wimbo huo kwa sauti, pale kigangoni, hata mkiwa watatu tu.

Mama angependa uwe Mwanza kwa Noeli, lakini anajua giza ndilo riziki, hatakulaumu. Orodha ya masomo nitakutumia kwa meseji Jumamosi. Uwe unaniandikia umefika wapi, na hasa uniambie walivyokujibu kambini ukishasoma habari za Rahabu.

Dada yako, Kirumba